Kura Haiombi Cheti

Mwanangu, nimewasikia wewe na wenzako mkizungumza habari za uchaguzi. Mnasema wapiga kura wetu ndio wanaotuangusha. Watu hawasomi. Hawaijui katiba. Wanatoa kura kwa doti ya kanga na kilo ya sukari, kisha kura zao zinahesabiwa sawasawa na zenu ninyi mliokesha na vitabu. Mwenzako mmoja akasema afadhali uwekwe mtihani: atakayefaulu apige kura, atakayefeli akae kando. Wengine mkaitikia.

Najua hasira hiyo inatoka wapi. Mnaipenda nchi, na mmechoka kuiona ikikwama palepale. Sikulaumu. Lakini keti kidogo, maana jambo mnalolidhani jipya lilikwisha kufanyika, tena hapahapa petu.

Mwaka 1861 mwanafalsafa Mwingereza, John Stuart Mill, aliandika kitabu juu ya serikali ya uwakilishi. Hakuwa mtu mbaya. Alitetea hata haki ya wanawake kupiga kura, wakati wanaume wengi wa kwao hawakutaka kulisikia neno hilo. Lakini alisema asiyejua kusoma, kuandika na kufanya hesabu asipige kura, na mwenye elimu kubwa apewe kura zaidi ya moja. Kwanza watu wote wafundishwe, ndipo wote wapewe kura. Ukiyasoma haraka utayakubali. Yanasikika kama maneno ya mtu mwenye busara.

Karibu miaka mia moja baadaye wazo la namna hiyo likafika Kenya. Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Serikali ya kikoloni ikaweka vigezo: elimu, kipato, mali, miaka ya utumishi. Mwenye vigezo vingi aliongezewa kura. Mtu mmoja aliweza kupata kura hadi tatu, na jirani yake asipate hata moja. Na kule Mkoa wa Kati, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alitakiwa kwanza awe na hati ya kuthibitisha utiifu wake kwa serikali.

Angalia hapo, mwanangu. Walianza na elimu, wakafika kwenye utii. Anayeshika kipimo cha nani anastahili, hupima anachokitaka yeye.

Kwetu Tanganyika tulipata ya kwetu, ikaitwa kura tatu. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato, au elimu, au cheo cha kiwango kilichowekwa. Akishapita hapo, alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Nchi ilikuwa na watu wapatao milioni 9. Waliojiandikisha hawakufika laki moja.

Chama cha TANU nusura kipasuke kwa jambo hilo. Walipokutana Tabora Januari 1958, wengi walitaka kuususia uchaguzi ule. Mwalimu Nyerere akawabembeleza waingie, wayavumilie masharti yale ili wakayaondoe wakiwa ndani. Zuberi Mtemvu hakukubali. Akatoka, akaunda chama chake. TANU ikaingia, ikashinda.

Sasa fikiria ni nani walioachwa nje ya foleni ile. Ni wanawake waliojaza mikutano ya Dar es Salaam, wale ambao Bibi Titi Mohamed aliwakusanya tangu 1955 kupitia vikundi vyao vya ngoma. Ni wauza maandazi, wapika pombe, wakulima wa mihogo. Walinunua kadi za chama. Walichanga senti zao. Walijua wanataka nini, na walijua ni nani anawazuia. Wengi wao hawakuwa na shule wala kipato cha kuwafikisha kwenye sanduku la kura la nchi waliyokuwa wakiipigania.

Mwaka 1960 masharti yakalegezwa, na TANU ikapata viti 70 kati ya 71. Mwaka 1962, tulipomchagua rais wa kwanza, kila raia mtu mzima alikuwa na kura yake. Wakati huo wengi wetu hawakujua kusoma. Kwa kipimo cha Mill, tulikuwa hatujawa tayari.

Hapa nataka ukae na mimi kidogo, usipite mbio. Mill alisema shule itangulie, kura ifuate. Kwetu ilikuwa kinyume. Mkoloni alikaa miaka na miaka bila kuona haja ya kuwafundisha watu wengi, kwa sababu hakuwa na kitu cha kuwaomba. Kura ilipomfikia asiyejua kusoma, ndipo serikali ilipomfuata na daftari na kalamu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka huohuo ikaja kampeni ya redio iliyoitwa Uchaguzi ni Wako. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza kipindi, kisha wakajadiliana. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka kila mtoto apate elimu ya msingi. Shule hizo zilikuja kwa sababu wazazi wa watoto wale walikuwa na kura.

Ukisema tungoje watu waelimike ndipo tuwape sauti, utangoja mpaka uzeeke. Aliyekwisha kuwa na sauti hana haraka ya kumfundisha asiyekuwa nayo.

Nikuambie habari za mama yangu, bibi yako ambaye hukumkuta. Alilima pamba Usukumani na hakusoma hata darasa la kwanza. Siku ya kuuza alikwenda kwenye mizani na kamba kiunoni. Kila gunia alilolijaza nyumbani alilifungia fundo kwenye kamba ile: fundo kubwa kwa pamba safi, fundo dogo kwa pamba fifi. Karani akiandika, mama anapitisha mafundo kwenye vidole. Siku moja karani alisoma hesabu pungufu. Mama hakupiga kelele. Alifungua kamba, akainyoosha juu ya meza, akamwambia, "Haya baba, tuhesabu pamoja." Wakahesabu. Gunia lililopotea likaonekana.

Mwanamke huyo ndiye aliyekwenda kupiga kura mwaka 1965. Chama kilikuwa kimoja tu, na hilo lazima ulijue. Hakuna aliyeruhusiwa kuchagua kingine. Lakini karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma amtambue amtakaye. Walisimamishwa pamoja kwenye mikutano. Walikatazwa kuomba kura kwa kabila, kwa dini au kwa rangi, na kampeni zilifanywa kwa Kiswahili.

Matokeo yalipotoka, wakubwa walianguka. Paul Bomani alikuwa waziri wa fedha, tena ndiye aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa katika ushirika. Alishindwa. Bibi Titi, pamoja na yote aliyoyafanya, alishindwa Rufiji. Na Dar es Salaam, Derek Bryceson, Mzungu, alimshinda mgombea Mwafrika. Unaweza kusema hapa walipatia na pale walikosea. Huwezi kusema waliburuzwa. Watu waliotazama jembe na nyumba walikuwa wanajua wanachokifanya.

Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maswali mengi ya serikali ni ya kitanda hicho. Je, zahanati ina dawa? Daraja linapitika masika? Bei ya pamba inarudisha gharama ya mbegu? Mfamasia anajua dawa inavyotengenezwa. Lakini anayejua kwamba dawa haipo ni yule aliyekwenda na mtoto mgonjwa akarudi mikono mitupu. Ukimwondoa huyo kwenye daftari kwa sababu hakumaliza shule, umeiondoa pia habari aliyokuwa nayo, na serikali haitaipata kwa mtu mwingine.

Mwaka huohuo wa 1965 Marekani walikuwa wanahangaika na mtihani kama ule anaoutaka mwenzako. Majimbo ya kusini yaliwataka watu wathibitishe kwamba wanajua kusoma na kuielewa katiba kabla ya kuandikishwa. Karani ndiye aliyechagua swali, na karani huyohuyo ndiye aliyesahihisha. Watu weusi walifelishwa, hata waliokuwa walimu. Ilibidi itungwe Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 ndipo mitihani ile ianze kuondolewa. Kwa hiyo mtu akikuambia habari za mtihani wa wapiga kura, muulize kwanza: nani atatunga, na nani atasahihisha?

Na tazama walivyofanya Gambia. Tangu miaka ya 1960 wamepiga kura kwa gololi, kwa sababu wengi wao hawakujua kusoma. Unaingia chumbani na gololi moja. Mbele yako yapo mapipa ya chuma, kila mgombea na lake, limepakwa rangi ya chama chake na kubandikwa picha yake. Unaitumbukiza gololi kwenye tundu la pipa la umtakaye. Ndani inagonga kengele. Msimamizi aliye nje akisikia kengele mara mbili, anajua kuna mtu anataka kudanganya. Kwa gololi hizo, Desemba 2016, Wagambia walimwangusha Yahya Jammeh aliyekaa madarakani miaka 22. Kwanza alikubali, kisha akageuka, na mwishowe akaondoka nchini Januari 2017. Kule kutojua kusoma hakukufanywa kosa la mpiga kura. Kulifanywa kazi ya mwandaaji wa uchaguzi.

Mimi nakuambia haya kwa sababu niliwahi kuwaza kama ninyi. Nilikuwa mwalimu kijana, jioni nafundisha kisomo cha watu wazima. Wagombea wawili wakaja kijijini. Mmoja alikuwa na shahada na maneno yake yalitiririka. Mwingine alikuwa mkulima, maneno anayatafuta. Wanafunzi wangu, akina mama wa rika la mama yangu, waliniuliza ninaonaje. Nikawaambia wamchague msomi, maana atajua kutusemea. Mama mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huyo tulimwona lini hapa?" Nikamjibu kwa ukali kidogo, kama mtu anayemsahihisha mtoto. Walinisikiliza kwa sababu walimheshimu mwalimu. Msomi akashinda. Miaka mitano ikapita bila kukanyaga kijijini kwetu.

Sikukosea kwa kuipenda elimu. Nilikosea kwa kutolisikia swali la yule mama. Katika darasa lile, mtu aliyejua namna ya kumpima kiongozi alikuwa yeye, na mimi niliyeshika chaki nikamnyamazisha. Natamani usirudie hilo.

Utaniuliza: na kanga na sukari je? Ni kweli, vipo. Anayepokea ana kosa, sikatai. Lakini kila kura inayouzwa ina mnunuzi, na mnunuzi huyo mara nyingi amesoma vizuri sana. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi iliongezwa vifungu vilivyoruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura. Vifungu hivyo havikuandikwa na bibi wa kijijini. Viliandikwa na watu wa sheria na kupitishwa na Bunge. Watetezi wa haki za binadamu wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema vinakwenda kinyume na katiba. Basi mkitaka kusafisha uchaguzi, anzeni na anayegawa. Aliyenyoosha mkono akapokea kilo ya sukari, mara nyingi anafanya hivyo kwa sababu anajua akishapiga kura hatapata kingine mpaka miaka mitano iishe. Na uzoefu huo hakuusoma popote.

Usidhani pia kwamba shule peke yake inamfanya mtu awe mwema. Redio RTLM iliyochochea mauaji ya Rwanda mwaka 1994 ilikuwa na profesa wa historia miongoni mwa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana. Alihukumiwa Arusha mwaka 2003 na mahakama ya kimataifa. Huyo hakukosa vitabu. Alitumia alichokijua kuwaangamiza jirani zake.

Lakini sikiliza na upande wa pili, maana sitaki nikudanganye kwa kukupa nusu. Wengi hukosea. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi ikiwauliza watu: tubaki na chama kimoja au tuingie vyama vingi? Wapatao asilimia 80 ya waliotoa maoni walisema tubaki na kimoja. Tume ikashauri vyama vingi, na mwaka 1992 katiba ikabadilishwa. Hapo waliosoma waliona mbali kuliko wengi wetu, na nawashukuru. Ila angalia walichokifanya. Waliwaongezea watu cha kuchagua. Hawakumfuta mtu kwenye daftari. Haohao waliosema hawataki vyama vingi ndio waliopanga foleni mwaka 1995 na kuchagua kati ya vyama vingi. Elimu ikitumika hivyo, inamfaa kila mtu.

Na kutojua kuna gharama. Asiyejua mbunge ana kazi gani atamdai harusi na msiba, ataacha kumdai sheria na bajeti. Asiyejua bajeti inapitishwa lini atalalamika ikiwa imeshapita. Ndiyo maana nasema demokrasia inahitaji watu wenye elimu, tena sana. Lakini elimu hiyo ni kitu ambacho mpiga kura anakidai kwetu. Sisi hatuna ruhusa ya kuigeuza sharti la kumzuia mlangoni.

Katiba yetu imelipanga vizuri jambo hili. Ibara ya 5 inasema kila raia aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kupiga kura. Wapo ambao sheria inaweza kuwazuia, kama mwenye ugonjwa wa akili au aliyetiwa hatiani kwa makosa fulani, lakini asiyesoma hayumo. Kisha nenda Ibara ya 67. Anayetaka ubunge lazima ajue kusoma na kuandika, kwa Kiswahili au Kiingereza. Sharti la kusoma limewekwa kwa anayeomba kazi. Halikuwekwa kwa anayeitoa. Mkitaka kuongeza masharti ya elimu, yaongezeni huko.

Basi nakuomba mambo machache, mwanangu, wewe mwenye simu mkononi na haraka miguuni.

Kwanza, kabla hujasema watu hawajui, jiulize wewe unajua nini. Unamjua diwani wako? Umewahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa ukasikiliza mapato na matumizi yakisomwa? Mkutano huo ni mrefu na unachosha. Ndipo palipo na barabara yako. Kipande cha video cha nusu dakika kinachomtukana mgombea hakikupi elimu hiyo.

Pili, usikae nyumbani. Mwaka 2010 waliopiga kura nchini hawakufika nusu ya waliojiandikisha. Msomi asiyekwenda kupiga kura hana la kumwambia bibi aliyeamka alfajiri akajikongoja mpaka kituoni.

Tatu, nenda ukakae na asiyesoma. Msomee ilani, zote, siyo ya chama unachokipenda tu. Mweleze kazi ya rais, ya mbunge na ya diwani. Lakini anza kwa kumuuliza yeye anataka nini, kisha nyamaza usikilize mpaka amalize. Na akikuomba umsaidie kituoni, kama sheria inavyomruhusu kuja na mtu anayemwamini, weka alama pale alipokuambia yeye. Hata kama moyo wako unakataa. Ukitoka hapo, usimwambie mtu.

Nne, vumilia. Watu wa Tabora 1958 waliingia katika uchaguzi waliouona kuwa wa dhuluma, na ilichukua miaka minne mpaka kila mtu mzima apate kura. Uchaguzi mmoja hauwezi kuiponya nchi. Utashindwa mara nyingi na watu unaowaona hawajui kitu. Rudi kwao. Zungumza nao tena. Hakuna njia ya mkato, na kila aliyetafuta njia ya mkato ameanza kwa kuchagua nani asihesabiwe.

Mwisho nikukumbushe jambo moja. Mimi nilisoma kwa fedha ya pamba. Wewe umesoma kwa mshahara wangu na kwa kodi za watu wengi, wauza mchicha, wavuvi na wafugaji, ambao hawakuwahi kuliona geti la chuo kikuu. Wasiosoma ndio waliotusomesha. Hatuna haki ya kuwaambia wakae kando. Nenda ukajiandikishe, na usiende peke yako.